Ndevu za Mama

Nilipokuwa mtoto kule Kibimba, wilayani Ngara, hapakuwa na mwanamke aliyekula nyama ya mbuzi. Si kwamba mbuzi hawakuwepo. Walikuwepo tele, wakitafuna hata nguo tulizoanika, ila nyama yao ilikuwa ya wanaume. Mwanamke akiionja ataota ndevu. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyotuambia, na alisema bila kucheka, kama mtu anavyokuonya kwamba moto unaunguza. Siku za sikukuu sisi wasichana tuliwatazama kaka zetu wakilamba vidole, tukajisemea heri njaa kuliko masharubu.

Siku hizi nikiwasimulia wajukuu, wananicheka. Wacheke tu. Wao hawakuiona nyumba yetu mwaka ule wa vita.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, kila jirani anajua mwenzake kapika nini. Baba alikuwa mgambo. Vita vya Kagera vilipoanza alipanda lori na wenzake, akatuacha na mama, na bibi mzaa baba, na mbuzi wachache. Hapo ndipo mama alipoanza kukonda. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na alikuwa ameuficha muda mrefu kwa aibu. Bibi alipogundua hakumgombeza. Alijifunga kitenge, akamshika mkono, tukaenda hospitali ya misheni, mimi nikiwa nyuma nimebeba maji.

Muuguzi tuliyemkuta alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Daktari alipomaliza kumpima mama, yeye ndiye aliyetueleza. Ilikuwa kansa. Mama alitakiwa kwenda Mwanza akapasuliwe, kisha apewe dawa kali.

"Lakini ukienda hivi ulivyo, dada yangu, mwili hautahimili," alisema. "Rudi nyumbani ule. Maharage, mayai, maziwa, nyama. Na utembee kila siku, usilale kutwa ukingoja kufa. Usafiri ukipatikana, wakukute una nguvu."

"Nyama ipi?" bibi akauliza.

"Mna nyama gani nyumbani?"

"Mbuzi."

"Basi mbuzi."

Tukashika njia ya kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa na hofu mbili kichwani. Mama asipokula atakufa. Akila atageuka mwanamume, na hapo nani atakuwa mama yetu?

Mama mwenyewe alikataa katakata. "Heri nife na uso wangu," alisema. Akaendelea kudonoa ndizi na maharage, na kitenge chake kikazidi kumzunguka kiunoni. Usafiri nao haukuwepo. Kila lori lilikuwa likipeleka askari na chakula vitani, nasi tulikuwa tukingoja huku mtu wetu anayeyuka mbele ya macho yetu.

Asubuhi moja bibi alimwita balozi wetu wa nyumba kumi, akamwonyesha beberu mweusi, akamwambia achinje. Balozi akachinja, akakaa na wanaume wa jirani kungoja mishikaki. Bibi akawapa kichwa. Nyama nyingine yote akaiingiza jikoni.

"Mama, hiyo nyama anaila nani?" balozi akauliza.

"Mkamwana wangu."

"Si ataota ndevu!"

"Akiota utamwazima wembe."

Aliichemsha mpaka ikalainika, akaiweka mbele ya mama. Mama akageuza uso ukutani. Bibi hakubembeleza. Yeye, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja nyama ile, alichukua kipande, akakitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole. Akameza.

"Haya," alisema. "Ndevu zikija, tutaota sote wawili. Nani atamcheka mwenzake? Kula, mwanangu."

Mama alilia, kisha akala.

Hata sasa nikilikumbuka hilo, machozi hunilengalenga, maana bibi hakuwa ameacha kuamini. Aliamini kabisa kwamba ndevu zitaota. Alikula huku anaamini.

Tangu siku ile nikawa nampelekea mama maji ya kunawa kila asubuhi ili nipate kumchungulia kidevu. Siku moja akanikamata.

"Unatafuta nini?"

"Ndevu."

Akacheka, mama ambaye hakuwa amecheka tangu baba aondoke, akaniinamia nimpapase. Kidevu kilikuwa laini. Nikakimbilia cha bibi, nikakuta vinywele viwili, lakini akaapa kwamba vilikuwepo kabla ya mbuzi.

Mwili ukaanza kurudi. Kila asubuhi bibi alimtoa mama wakatembea hadi shamba la kijiji na kurudi, mwanzoni kwa kupumzika njiani, baadaye bila kupumzika. Wanawake walitoka milangoni kuwatazama.

"Shikamooni, akina baba!" mmoja aliwatania.

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu, wala hakupunguza mwendo.

Hatimaye lori moja lililokuwa likielekea Lusahunga likakubali kumchukua, na kutoka huko angetafuta jingine la Mwanza. Bibi alimfungia mzigo wa nyama ya mbuzi aliyoikausha juu ya moto. Mama alituambia baadaye kwamba dawa za Mwanza zilimtapisha na nywele zikapukutika zote, lakini alikula kidogo kidogo, mara nyingi, na kila siku alitembea wodini akishika ukuta, kana kwamba bibi yuko mbele anamvuta mkono.

Alirudi vita vikiwa vimekwisha. Baba, aliyekuwa ametangulia kufika, alikuwa barabarani anamngoja. Mama alishuka kwenye lori mwenyewe, bila kushikwa. Wanawake wa mstari wetu wakapiga vigelegele, wa kwanza akiwa yule wa shikamooni. Bibi alimshika mama kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akamkagua huku na huku, kisha akatangaza kijiji kizima kisikie:

"Hakuna kitu!"

Krismasi iliyofuata, mbuzi walipochinjwa, wanawake walileta sahani zao. Mama aliishi mpaka akawa bibi wa wanangu.

Nami ugonjwa ule ule umenipitia. Daktari kijana alipoanza kunieleza kwamba nile vizuri na nitembee ili nizimudu dawa, nilimwambia hayo niliyajua kabla hajazaliwa, nikamtuma mwanangu akanunue mbuzi. Nilikula nisipokuwa na hamu. Nilitembea nilipotaka kulala. Nywele zilianguka zote, hata nyusi.

Dawa zilipokwisha nilikuwa nikijitazama kwenye kioo kila asubuhi, nikingoja dalili yoyote kichwani. Unywele wa kwanza kurudi haukuota kichwani. Ulikuwa mmoja, mgumu, mweupe, katikati ya kidevu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi alisema kweli: mwanamke akila mbuzi, ataota ndevu. Ila lazima kwanza aishi.

Wajukuu wananiambia niung'oe. Siung'oi.