Matone ya Ua la Ulaya

Juzi tulimzika, kijijini Nyanga, yule bwana wa matone. Msemaji mmoja kaburini alimwita "daktari wa akina mama". Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, penye migomba, nikashikwa na kikohozi cha ghafla. Kwa msomaji asiyemjua: miaka ile ya ujamaa, zahanati zikiwa na rafu tupu, alirudi kutoka Ulaya, alikopelekwa kusomea ushirika, akiwa na sanduku la vichupa. Ndani mlikuwa na dawa ya ua moja la huko, lililotiwa maji, likapunguzwa, likatiwa maji tena, mpaka, kwa maneno yake mwenyewe, ua halipo ila nguvu yake imebaki. "Kadiri linavyopungua ndivyo linavyozidi ukali," alitueleza. Sisi tuliowahi kuuziwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyozidi maji tulijua vingine, lakini nani wa Muleba angebishana na tai ya shingoni? Ua hilo liliponya maumivu ya hedhi, ugumba, na machozi yasiyo na sababu. Wanaume walilipenda sana, hasa kwa hilo la machozi.

Shangazi yangu wa Kagoma alipelekwa kwake na mumewe, akiwa anatokwa damu wiki ya tatu. Nilikuwa mwalimu kijana wa kike, nikawasindikiza. Bwana wa matone alifungua daftari.

"Unalia mara kwa mara?"

"Nalia, waitu," shangazi akajibu, kwa neno letu Wahaya la heshima.

"Ukibembelezwa, unatulia?"

"Sijui. Hajatokea wa kunibembeleza."

Mumewe akatazama dari. Bwana akaandika, kisha akauliza, "Na kinachokuliza ni nini?"

"Asubuhi shamba la kijiji, mchana shamba letu, jioni maji na kuni. Na sasa damu hii."

Akafunga daftari kwa furaha: dalili zote zililingana na ua lake! Matone matatu kila asubuhi, na asiguse kahawa, hata ya kutafuna. Kumwambia hivyo mama wa Kihaya, anayemkaribisha kila mgeni kwa buni za kutafuna! Siku ya tano shangazi alianguka shambani. Tulimpakia kwenye lori lililobeba kahawa hadi hospitali, akaongezewa damu, akapasuliwa, ukatolewa uvimbe mkubwa kama ngumi. Tungechelewa kidogo, tungemzika. Bwana wa matone alikuja wodini akitabasamu, akatangaza kwamba matone yake ndiyo yaliyousukuma uvimbe utoke.

"Ahsante, waitu," shangazi akasema, akigusa tumbo. "Na mshono huu, ua lilitumia uzi gani?"

Wodi nzima ilicheka. Lakini alipoondoka, shangazi aliniambia jambo lililonikata kicheko: "Pamoja na hayo, ndiye mwanamume wa kwanza kuniuliza kinachoniliza." Nikakumbuka mikutano yetu yote ya kijiji, mwanamke akisifiwa kuwa nguzo ya taifa kisha akirudishiwa jembe lake. Nikakumbuka na waganga wa zahanati, wenye ujuzi wa kweli, waliofoka "Unaumwa nini?" bila kuinua macho, na mume akajibu kwa niaba ya mkewe. Tuliacha mlango wazi, na mtu mwenye maji ya kisima akaingia akaitwa daktari.

Mungu amrehemu, alijua kuuliza, hakujua kutibu. Tuliobaki tusimkweze kwa hilo, wala tusijione bora kuliko yeye. Tumuulize mwanamke kinachomuuma, tumsikilize mpaka amalize, kisha tumpeleke hospitali siku hiyohiyo.