Kikuzaji cha Bunduki na Mbweha Aliyejua Ratiba Yangu

Mbweha aliyekuwa anaua mbuzi wetu alijua siku ambazo mimi nimelala.

Sitanii. Nikidamka na bunduki nikakaa kulinda malisho, haji. Nikisema leo nimechoka, wacha nilale mpaka jua litoke, nakuta kitoto cha mbuzi kimelala kwenye majani, mguu wa nyuma umechanwa vibaya.

Na nyama haijaliwa. Anaua, anaacha, anaondoka zake.

Naitwa Nelda. Mimi na mume wangu Doyle tunafuga mbuzi huku Texas, upande wa vilima vya mawe, ambako hakioti kitu cha maana zaidi ya mierezi na miiba. Doyle alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba maisha yake yote, mpaka alipoanguka kutoka juu ya tangi la maji akavunjika nyonga. Tangu hapo anatembea na fimbo. Kazi zote za kukimbizana ni zangu.

Yeye anashinda jikoni na Tuck, mbwa wake wa kuswaga mifugo. Tuck naye alikosa kazi siku ileile bosi wake alipoanguka. Wamekaa wawili, wanaangaliana, wanazeeka.

Nilimwambia Doyle huyu muuaji mbona kama si mbweha. Mbweha anakwenda kooni na anakula. Huyu anawavuta mbuzi miguu kama anacheza. Labda ni mbwa wa mtu.

Doyle akakoroga kahawa yake muda mrefu. Akasema ni mbweha mchanga, bado anajifunza.

Nikamwamini. Ningeachaje kumwamini mtu niliyelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa msichana?

Basi tuje kwenye bunduki.

Macho yangu ya sasa hayawezi tena kulinganisha vile vyuma viwili vya kulengea. Kwa hiyo juu ya bunduki yetu nilifunga kile kioo chenye nukta nyekundu. Unafungua macho yote mawili, unaweka nukta juu ya kitu, basi. Kwa nyoka wa zizini au kicheche wa bandani, hakuna raha kama hiyo.

Shida ni mbali. Ng'ambo ya malisho, alfajiri, kila kitu ni kivuli cha kijivu. Mbuzi kivuli, kichaka kivuli. Darubini ya mkono ninayo, lakini mpaka uishushe, uinue bunduki, umtafute upya, mnyama yuko wilaya nyingine.

Nikasikia kuna kitu kinaitwa kikuzaji. Kibomba kifupi cha lenzi, unakifunga nyuma ya ile nukta, kina bawaba. Ukitaka mbali unakisimamisha, ukitaka karibu unakilaza pembeni. Na ni nafuu kuliko darubini kamili ya bunduki.

Nafuu. Hilo neno limenitesa mimi.

Cha kwanza nilikiagiza mtandaoni. Picha nzuri, watu wanasifia. Kilipofika ilikuwa kama unachungulia kupitia chupa ya maji ya mto. Alfajiri giza tupu. Na ili uone kitu, lazima jicho ulibandike kwenye kioo kama unabusu.

Nikakirudisha.

Cha pili nilikwenda mwenyewe duka la silaha mjini. Doyle alinisindikiza. Nauliza mimi, muuzaji anamjibu Doyle. Nauliza tena, anamjibu Doyle. Nikamwambia kijana, mpigaji ni mimi, huyu amekuja kukaa kwenye kiti. Akacheka, akamgeukia Doyle akamuuliza kimo.

Maana kumbe vina kimo. Nukta na kikuzaji lazima vikae urefu mmoja, la sivyo nukta huioni sawasawa. Doyle akasema ameshapima nyumbani, akataja namba.

Tukafika nyumbani, nikafunga, nikachungulia. Ile nukta imekaa chini kabisa ukingoni, nusu yake haipo, kama jua linalozama. Nikageuza parafujo za kurekebisha mpaka zikagoma.

Doyle akasema, "Si nilikwambia hivi vitu ni uchafu? Nukta peke yake inatosha. Ukishindwa, acha. Tutapata mbuzi wengine."

Nilimwangalia. Mtu aliyepima mabomba miaka yote kwa jicho tu na hakuwahi kukosea, leo amekosea kimo cha kidude kama kidole. Nikasema moyoni, uzee. Nikamhurumia.

Cha tatu kilikuwa na kioo kizuri sana. Nilikaribia kufurahi. Lakini bawaba yake imelegea, ukiinua bunduki tu chenyewe kinajilaza pembeni, ukikirudisha hakikai palepale. Nilikaza, nikaweka gundi, nikatukana. Nikakirudisha nacho. Yule wa posta akaanza kuniuliza kwa adabu kama nina biashara.

Wakati huo wote vitoto vinakufa. Kila nikiangalia mama mbuzi anayeita mtoto wake na maziwa yanamtoka, nataka kuvunja kitu. Na kila nikikaa kulinda, kimya. Doyle anafunga mlango wa jikoni, ananipungia mkono dirishani, Tuck yuko miguuni pake. Nakaa mpaka miguu inakufa ganzi. Hakuna hata sungura.

Nikaanza kujiona mimi ndiye kichaa.

Aliyeniokoa ni jirani yangu Ofelia Barrientos, anafuga ng'ombe ng'ambo ya barabara. Mama huyu anawinda nguruwe pori kama wengine wanavyokwenda sokoni. Nilimkuta anapaka mafuta mnyororo wa geti, nikamwaga hasira zangu zote pale.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, wamekudanganya kitu kimoja. Kikuzaji hakikufanyi ulenge vizuri. Mnyama akikua, na nukta inakua. Kazi yake ni kukufanya uone. Sasa wewe unanunua cha kupigia, wakati unahitaji cha kuonea."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, hata wale wa mtandaoni wenye maneno mengi.

Akaniambia niangalie jicho linakaa mbali kiasi gani, bawaba inashika vipi, na kimo nipime mwenyewe, nisimwachie mtu. Na alfajiri nipunguze mwanga wa nukta mpaka ionekane kwa shida, la sivyo inaziba kila kitu.

Yeye alikuwa na kikuzaji chake cha zamani, kinakuza mara tatu tu, kimechubuka rangi. Alishanunua kingine. Nikampa beberu mmoja mzuri, akanipa kikuzaji. Hiyo ndiyo nafuu niliyokuwa natafuta, na ilikuwa ng'ambo ya barabara muda wote.

Nilipopima kimo mwenyewe, namba ya Doyle ilikuwa mbali na ukweli. Mbali sana. Nikaona ajabu, nikapita.

Tulikifunga kwa Ofelia na nikakijaribu kwa Ofelia. Nyumbani sikusema kitu. Sikuwa naficha, nilichoka tu kuambiwa "si nilikwambia".

Kesho yake nilimwambia Doyle nakwenda kumsaidia Ofelia kuchanja ndama. Kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Nikawasha pikapu nikatoka.

Nilipofika geti la juu nikasikia mbuzi wanalia.

Ule si mlio wa njaa. Mfugaji anaujua.

Nikazima gari, nikachukua bunduki, nikaegemea boneti. Chini kule, mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira, kundi zima linakimbia limeshikamana, na nyuma yake kuna kivuli cha rangi ya majani makavu kimekamata kitu, kinavuta nyuma, kinatikisa.

Nikaweka nukta juu ya bega lake. Nikaondoa kizuizi cha usalama. Nilikuwa nimetulia kabisa, wallahi. Baada ya miezi ya kuchezewa, hatimaye nimempata.

Ningeweza kupiga. Nilijua ningempata.

Lakini kile kidude nimekihangaikia, nimetoa beberu. Nikakisimamisha.

Mbweha akawa na soksi nyeupe mguu wa mbele.

Mbweha akawa na ukanda shingoni, ule wa ngozi ambao Doyle aliushona kwa mkono.

Tuck.

Sijamaliza hata kulisema hilo jina kichwani, nikaona kitu nyuma yake. Kwenye mierezi, mstari uleule, juu kidogo ya mgongo wa mbwa. Kitu cha rangi ya kijivu, kinayumba.

Ilikuwa fulana ya kulalia. Doyle hakuwa na fimbo. Mkono mmoja kashika tawi, mkono mwingine ana kamba, mdomo unafunguka na kufungika. Anamwita mbwa.

Mume wangu alikuwa ndani ya kioo changu, na nukta ilikuwa imemgusa kifuani.

Nikainua mtutu juu. Nikatoa risasi, ikaanguka kwenye boneti ikabingirika. Nikakaa chini kwenye changarawe. Kwa macho matupu nikatazama tena kule chini. Kivuli kimoja na kichaka. Doyle hayupo kabisa. Bila kile kioo, hakukuwa na Doyle.

Nilishuka kwa miguu, bunduki nimeiacha kwenye gari. Aliponiona hakukimbia, angekimbilia wapi. Alikuwa ameshamfunga Tuck kamba na amekaa juu ya jiwe, anahema. Kitoto cha mbuzi bado kilikuwa hai.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alisema tangu kitoto cha kwanza kufa. Alimwona mbwa anarudi ana damu mdomoni, akamwosha kwenye sinki. Alifikiri itakuwa mara moja. Alijaribu kumfunga, mbwa anachomoka au yeye mwenyewe analala usingizi wa dawa. Siku ninazolinda mimi ndiyo alikuwa anahakikisha mlango umefungwa.

"Na kile kimo? Ulikosea makusudi?"

"Niliongeza kidogo," akasema. "Nilijua ukimwona vizuri utamtambua. Na ukimtambua utampiga. Huku kwetu mbwa akizoea kuua mbuzi anapigwa risasi, unajua hivyo."

"Nimekulenga wewe, Doyle."

Akainua uso.

"Nilikuwa nimekulenga wewe. Kidole kilikuwa kimeshaingia kwenye kifyatuo. Ungefanikiwa kuniharibia na kikuzaji nilichonacho sasa, saa hizi ningekuwa mjane na nisingejua kwa nini."

Alimshika Tuck masikio, akaweka paji la uso juu ya kichwa cha mbwa, mabega yakaanza kutikisika.

Nitasema ukweli, sikumbembeleza. Hasira yangu ilikuwa bado ya moto. Nilibeba kitoto cha mbuzi nikapanda nacho.

Tuck hakupigwa. Ofelia ana binamu mwenye ng'ombe tupu, hana mbuzi hata mmoja, alikuwa anatafuta mbwa wa kazi. Siku ya kumpeleka Doyle aliomba aendeshe yeye, njia nzima hakufungua redio. Tunasikia ng'ombe wa kule sasa wana nidhamu. Mbwa hakuwa mbaya. Alikosa kazi, akajitafutia.

Doyle bado hajanisamehe kwa mbwa. Mimi bado sijamsamehe kwa alfajiri ile. Tunakula meza moja, tunapeana chumvi.

Sasa ninyi mnaoniuliza mtandaoni kikuzaji gani cha bei nafuu mnunue. Sitawatajia jina. Pimeni kimo wenyewe, jicho likae kwa raha, bawaba ishike. Kisha kumbukeni kwamba hamnunui kitu cha kuwasaidia kupiga. Mnanunua kitu cha kuwasaidia kutopiga. Kama hamuoni kilicho nyuma ya mnachokilenga, shusheni bunduki, hata kama mmesubiri mwaka mzima.

Na watu wa nyumbani mwenu, waambieni ukweli mapema, hata kama utauma. Uongo mdogo wa jikoni unaweza kukusimamisha mbele ya mtutu.

Siku hizi kabla sijaishika bunduki namuuliza Doyle kwa sauti, "Uko wapi?"

Hapendi hilo swali. Lakini anajibu, hata akiwa chooni.