Sauti ya Jirani

Juzi nilikuwa naanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye gunia nyuma ya nyumba yangu hapa mtaani Manyatta, nikasikia jirani yetu wa zamani akinikosoa: "Hiyo bado mbichi, Mama. Wacha jua ifanye kazi." Niligeuka upesi, kwa sababu jirani huyo alizikwa Bondo miaka mingi iliyopita. Aliyekuwa nyuma yangu ni mdogo wangu wa kike, ameketi kwenye kigoda, akipanga magamba ya konokono kuanzia dogo hadi kubwa.

Mdogo wangu ana usonji. Siku hizi neno hilo tunalo, rafiki yangu, lakini tulipokuwa wadogo kule Usenge hatukuwa nalo, na kila mtu alikuja na lake. Wengine walisema ni chira, yaani Mama alivunja mwiko wa ukoo na laana ikamwangukia mtoto. Wengine walisema mtoto ametumwa kupeleleza. Maana maneno yake mwenyewe yalikuwa machache mno. Alirudia ya watu, kwa sauti zao zilezile, kikohozi na kila kitu. Ukimsengenya mtu asubuhi kule ufuoni, jioni ulijisikia ukimsengenya tena uani kwetu.

Mama aliyasikiliza yote hayo akichambua omena. "Kikulacho ki nguoni mwako," alizoea kusema, huku macho yake yakimfuata kila aliyepita mara mbili. Uji wa watu hatukunywa. Mgeni akiuliza mtoto anaendeleaje, Mama alijibu kwamba yuko, basi, kisha akamtazama mikono kuona ameshika nini. Nami nikajifunza kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Hata leo nikisikia harufu ya omena ikikauka juani, shingo yangu hugeuka yenyewe kuona nani anakuja.

Aliyeaminiwa alikuwa mmoja tu, jirani yetu, mjane mwenye mbuzi wanne. Katika ua uliotutenganisha palikuwa na pengo, na kila alasiri mdogo wangu alipenya pale. Jirani hakumwuliza maswali. Alimwekea nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mahindi upande huu na maharagwe upande ule, maana vikigusana mtoto hali. Kero ilikuwa moja tu: mbuzi wake mweusi naye alipenya palepale kuja kula omena ya Mama, na Mama alilalamika wiki nzima.

Kisha akaja mhubiri. Alikuwa na nyumba ya maombi ng'ambo ya ghuba, na ilisemekana watoto kama wetu hufungwa kamba huko mpaka pepo liwatoke. Wanawake wa kanisani walimsihi Mama ampeleke binti yake. Alikataa, na tangu hapo akawa na hakika kwamba wataungana wamwibe.

Alasiri moja mvua ilianza ghafla kupiga mabati. Mdogo wangu aliichukia sauti hiyo kuliko kitu chochote. Aliingia mbio kutoka kwa jirani, ameziba masikio, akisema jambo. Maneno ya kwanza yalimezwa na mvua. Tuliyoyasikia, kwa sauti ya jirani kabisa, na kwa Dholuo, lugha yetu, ni haya: "Tweye matek. Kiny okinyi watere." Mfunge sana. Kesho asubuhi tunampeleka.

Mama alitoka na panga mvuani humohumo, akakata miiba, akaliziba pengo. Asubuhi jirani alikuja akasimama ng'ambo ya miiba.

"Mama, mimi nimekosa wapi?"

"Uliza kamba yako," Mama akamjibu.

Hakumpa nafasi ya kusema zaidi. Ufuo mzima ulipata habari, na hakuna aliyekubali tena kuanika omena karibu na yule mjane. Kabla ya mavuno alihamia Bondo kwa binti yake. Mdogo wangu aliendelea kusimama penye miiba kila alasiri, mikono ikimchubuka. Na sauti ya jirani ikianza tu kumtoka, Mama alimziba mdomo kwa kiganja.

Mama alifariki mwaka jana, nikamchukua mdogo wangu. Kwangu hakuna wa kumziba mdomo. Ndiyo maana juzi, alipokwisha kunikosoa kuhusu omena, aliendelea na sauti ileile, bila haraka: "Dielni ochamo omena. Tweye matek. Kiny okinyi watere."

Dielni. Mbuzi huyu. Mbuzi huyu amekula omena, mfunge sana, kesho asubuhi tunampeleka. Katika Dholuo mtu na mbuzi hufungwa kwa neno moja. Nikakumbuka kwamba yule mweusi hatukumwona tena baada ya mvua ile. Alikuwa amepelekwa sokoni kwa sababu ya malalamiko ya Mama.

Nililia palepale penye gunia. Pengo la Usenge sasa limejengewa ukuta wa matofali, Mama hayupo, na yule mjane alikwenda kaburini bila kujua kosa lake. Sauti yake imebaki kwa mtoto aliyemlisha.

Hapa Manyatta kuna mama wa nyumba ya pili ambaye tangu mwezi wa kwanza ananiomba mdogo wangu aende kukaa naye alasiri. Nimemkatalia kila mara. Jana alikuja tena na bakuli lililofunikwa. Nilimtazama mikono kwanza, sitakudanganya. Kisha nikamwambia mahindi na maharagwe visigusane, nikampisha mlangoni.