Hapa Hatuuzi Pai za Moto

Enid Gorton hakuwa mtu wa kujibu swali. Ukimuuliza hali yake, naye atakuuliza nani kakutuma. Nilimfahamu miaka ishirini na sita, kwa sababu duka langu la kushona viatu lilitazamana na duka lake la pai pale mjini Leigh, kaskazini mwa Uingereza, na dirisha langu lilikuwa pana. Watu walidhani ni ujane uliomfanya awe hivyo. Si kweli. Clifford, mumewe, alipokuwa hai alikuwa akilalamika kwamba hata kadi za siku yake ya kuzaliwa mkewe anaziinua kwenye mwanga kabla hajazifungua.

Aliuza pai za nyama na viazi, basi. Keki hakuna, supu hakuna, viti hakuna. Alizitoa ovenini saa tano na nusu, akazipanga kwenye trei, na kabla ya saa nane hakubaki ila makombo. Mwenzake dukani alikuwa Thelma, wifi yake, dada wa marehemu Clifford, mwanamke mnene na mcheshi ambaye alikanda unga alfajiri na kuhudumia kaunta mchana. Kila mwaka Thelma alimwomba wapanue duka.

"Tukue kidogo, wifi," alikuwa akisema. "Watu wanarudi mikono mitupu."

"Tukue ili nani atuone?" Enid alimjibu.

Machi mwaka 2012 serikali ikatangaza habari ya pai. Mpaka siku hiyo, pai iliyotoka ovenini na kuachwa ipoe yenyewe haikuwa na kodi ya ongezeko la thamani. Zilizotozwa ni zile zilizowekwa makusudi kwenye kabati la joto. Sasa wakubwa wa London wakasema pai yoyote itakayouzwa ikiwa na joto kupita hewa iliyoizunguka italipiwa kodi, sehemu moja ya tano juu ya bei. Foleni ya Enid ikapata la kuzungumza.

"Thelma, mimi nitangoja joto la Agosti," mzee mmoja alisema. "Jua likiwaka, hewa itaishinda pai."

"Agosti ya Leigh?" Thelma akamjibu. "Utakufa na njaa, kipenzi."

Enid hakucheka. Na wiki hiyohiyo ndipo alipotokea yule mwanamume.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alivaa koti la mvua la kijivu, viatu vizuri vya ngozi, soli mpya. Alinunua pai moja, lakini hakuila njiani kama wenzake. Alivuka barabara, akaketi kwenye benchi mbele ya dirisha langu, akaifungua karatasi, akatoa mfukoni kitu chembamba kinachong'aa na kukichoma katikati ya pai. Akakitazama. Akaandika kwenye kijitabu. Ndipo akaila, polepole, akiwa amefumba macho.

Siku ya pili alirudi, akafanya vilevile. Nikaona si vizuri kunyamaza. Nilivuka nikamweleza Enid.

"Kipimajoto," alisema kwa sauti ya chini, akaweka kisu mezani. "Wamemtuma, Stan. Sheria hata haijapita, wameshamtuma."

"Labda ni mtu wa ajabu tu."

"Mwenye kijitabu? Mtu wa ajabu hana kijitabu."

Kuanzia siku hiyo alitenga pai moja kwenye jokofu tangu jana yake, kwa ajili ya mgeni huyo peke yake. Yule bwana aliipokea, akaishika kwa vidole, akamtazama Thelma usoni, akaenda zake kwenye benchi. Nilimwona akiichoma na kutikisa kichwa. Siku tatu akala pai ya jana. Siku ya nne akashindwa kuvumilia.

"Samahani, Bi Gorton," alisema. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, kwa hiyo nilisikia mwenyewe. "Naomba leo unipe ya moto."

Enid alikuja mbele, akamsogeza Thelma pembeni.

"Hapa hatuuzi pai za moto," alisema. "Tunauza pai."

"Lakini hizo zinatoa mvuke."

"Ni unga huo umeruka. Thelma ana pumzi nyingi."

Mama mmoja aliyekuwa ameshapokea yake akadakia, "Yangu ya baridi kabisa, ndugu yangu," huku akiihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule kwa kuungua. Mzee wa Agosti naye akaomba aazimwe glavu, eti vidole vimeganda. Watu wakaangua kicheko. Yule bwana akawa mwekundu shingoni. Alichukua pai yake ya jokofu, akasema ahsante, akatoka. Hatukumwona tena dukani.

Wiki kadhaa Enid alitembea kama aliyeshinda vita. Wapika pai wa nchi nzima nao walipiga kelele, magazeti yakaandika, na mwisho wa Mei serikali ikarudi nyuma: pai inayopoa yenyewe ikaachwa bila kodi kama zamani. Foleni ikapiga makofi. Enid akasema wanajificha tu, watakuja kwa mlango mwingine.

Juni ndipo gazeti la mtaani lilipotoa picha. Mwenye kiwanda kidogo cha mikate cha Atherton, mji wa jirani, alikuwa akipeana mkono na bwana mwenye koti la kijivu. Jina lake Pollitt, mnunuzi wa kampuni inayopeleka vyakula kwenye viwanja vya raga. Kwa mkataba waliosaini wa kuuza pai viwanjani, kiwanda hicho kingeajiri watu kumi na wanne. Thelma aliisoma habari kwa sauti, amesimama nyuma ya kaunta, mimi na Enid tupo. Bwana Pollitt alisema ameonja pai za maduka kumi na moja, apime zinavyotunza joto mpaka mtu afike kwenye kiti chake uwanjani. Duka moja la Leigh lilikuwa la kwanza kwenye orodha yake, lakini baada ya siku mbili likawa linampa pai za baridi, hakujua kwa nini.

Thelma alilikunja gazeti mara nne.

"Miaka kumi na tisa nakanda unga wako," alisema.

"Ningejuaje? Alikuwa na kipimajoto!"

"Ungemuuliza, Enid! Wewe unayemuuliza kila mtu, huyo mmoja tu ukashindwa kumuuliza yeye ni nani?"

Alivua aproni, akaiweka juu ya mizani. Wiki iliyofuata alianza kazi Atherton.

Enid aliendelea kufungua peke yake, pai nusu ya zile za zamani. Siku moja alikuja kwangu na viatu visivyo na kasoro. Nilivigeuzageuza, nikavirudisha, naye hakuondoka. Ndipo akanisimulia habari za baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa suti. Kodi hiyohiyo ya ongezeko la thamani ilipoanza nchini, mwaka 1973, mzee hakujiandikisha. Alijiona mdogo mno. Mwaka uliofuata akaja ofisa mpole, akasifu vitambaa, akakaribishwa chai. Aliyeileta chai ni Enid, miaka ishirini na mitano, na moyoni anajivunia baba yake. Ofisa akauliza kama kazi zinapatikana. "Nikamwambia Jumamosi watu wanasimama mpaka nje," Enid alisema. "Nikamwambia harusi zote za mtaa ni zetu. Hakunilazimisha, Stan. Nilijisemea mwenyewe, nikamwongezea na biskuti."

Kumbe mauzo ya mzee yalikuwa yameshapita kiwango cha lazima kujiandikisha. Alidaiwa kodi ya nyuma yote, akafunga duka, akamalizia maisha yake akifagia kiwandani. Hakumlaumu binti yake hata mara moja, na hilo ndilo lililomtafuna.

Nikamwambia hajachelewa kumuuliza yule bwana. Nilifunga duka nikamsindikiza kwa Pollitt. Tulipanda basi, Enid amepakata pai nne ndani ya taulo nene. Ofisini yule bwana alimtambua mara moja, akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Nimekuletea ya moto," Enid alisema.

Alikula yote, hakutoa kipimajoto. "Ndiyo hii niliyoitafuta," alisema.

"Mbona hukusema wewe ni nani?"

"Ningesema, ungenipikia yangu ya pekee. Nilitaka wanayokula wote."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshasaini miaka mitatu, Bi Gorton. Samahani sana."

Enid alimwachia tatu zilizobaki, akashika taulo lake. Basi lilipokaribia Leigh, alinigeukia.

"Unaamini kweli ananunua pai?" aliniuliza. "Ofisi ile safi mno."

Nilimwambia naamini. Akatazama nje. Tulipofika hakuelekea dukani. Alishika njia ya kwa Thelma, nami nikamfuata kwa mbali, nikihofia watagombana. Thelma alifungua mlango akiwa bado na sare ya Atherton.

"Huko wanakutunza," Enid alimuuliza, "au wanakuchunguza?"

Thelma akamjibu, "Wananitunza. Nimepewa meza nzima ya unga, watu sita chini yangu."

"Sita," Enid akarudia. "Basi usiwaambie kila kitu." Kisha, huku ameinamia kizingiti, akasema, "Nilikukosea, wifi."

Thelma hakurudi dukani, wala Enid hakumwomba. Alimkaribisha ndani, mlango ukafungwa, nami nikarudi kwenye viatu vyangu.