Kituo cha Maji Jangwani

Nilijifunza kuogelea ukubwani, Guangzhou, ingawa nimezaliwa Unguja, hatua chache kutoka baharini. Kwetu wavulana ndio walioogelea. Sisi wasichana tulisimama maji ya magoti, nguo zimetulowa, tukicheka.

Mwaka wa pili wa masomo yangu ya uzamivu mgongo ulianza kuniuma kwa kukaa maabara, na daktari wa chuo akanishauri niogelee. Bwawani nikakutana na mwanafunzi mwenzangu, Mkenya wa Eldoret, aliyekwisha kuishi mji ule miaka sita. Alikuwa mtu wa triathloni: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia, mfululizo, bila kupumzika. Yeye ndiye aliyenifundisha kutoa pumzi chini ya maji. Aliniita dada, nami nikamwita kaka. Kitambaa cha vazi langu la kuogelea, la kunisitiri mpaka kichwa, alikwenda kunitafutia yeye, soko la vitambaa la Zhongda, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na kikao na msimamizi wangu. Alirudi na sampuli tatu, akazitumbukiza kwenye ndoo mbele yangu tuone ipi hainywi maji. Kila nikitaka kujitetea, naikumbuka ndoo ile.

Tulifanya mazoezi pamoja miaka miwili. Jumamosi alfajiri tulipanda baiskeli kuelekea Nansha, nyuma ya malori ya makontena, katika joto lile la Guangzhou ambalo hata kabla jua halijatoka shati unaweza kulikamua. Alikuwa na kasi kunishinda, lakini hakuniacha hata siku moja. Akifika mbele alisimama, akaegemea baiskeli, akanisubiri.

Ndipo mwalimu wa michezo, tuliyemwita laoshi kama anavyoitwa kila mwalimu huku, alipotuandikisha kwenye mashindano ya magharibi ya nchi, jangwani, karibu mita elfu tatu juu ya usawa wa bahari. Alimpiga mwenzangu begani.

"Wewe umezaliwa nyanda za juu. Huko utakuwa nyumbani."

Mimi akaniambia nikimaliza tu itatosha. Maneno yale yaliniingia. Kuanzia siku hiyo sikutaka kumaliza tu.

Tulifika siku mbili kabla ya mashindano. Sijawahi kuona nchi kavu namna ile: changarawe, vilima vya mchanga, na ziwa la rangi ya samawati ambalo huwezi kunywa maji yake. Midomo ilipasuka siku ya kwanza. Mimi, mtu wa pwani, nilipumua vizuri, nikalala vizuri. Yeye aliyezaliwa juu, lakini akakaa miaka minane chini, alianza kuumwa kichwa jioni ile ile, akaacha chakula kwenye sahani. Siku ya pili alikuwa na kikohozi kidogo, kikavu.

"Usimwambie laoshi," alisema. "Atanitoa."

"Umwambie mwenyewe basi."

"Dada, nimejiandaa mwaka mzima."

Sikumwambia laoshi. Kwa hilo najisamehe, kwa sababu aliniomba.

Asubuhi ya mashindano maji ya ziwa yalikuwa baridi ya kuuma meno. Nilitoka majini kabla yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kwenye baiskeli nilidhani atanifikia, na kweli alinifikia, akanipita, lakini alikuwa akipumua kwa sauti, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Muda mfupi baadaye nikamkuta ameketi kando ya barabara, ameegemea kibao cha kilomita, baiskeli imelala.

Nikasimama. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali.

"Kichwa?"

"Kifua tu. Nitapoa."

Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikohoa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akauficha mkono. Niliona. Wakati huo wanawake wawili wakanipita, nikawafuata kwa macho.

"Enda, dada," akasema. "Si gari lao litapita?"

"Litapita," nikasema. Tulikwisha kuambiwa kwamba gari la wagonjwa ni moja, na limekaa ziwani.

Nikaenda.

Kilomita tano mbele kulikuwa na kituo cha maji: meza, mwavuli, na mama mmoja wa makamo mwenye redio ya mawasiliano mkononi. Alinipa chupa. Nilikuwa na mwaka wa nne China. Maneno ya kusema mwenzangu anaumwa, yuko nyuma, nilikuwa nayo, yote, kwa lugha yake. Yangenichukua muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Lakini nilijua angeniuliza wapi, kilomita ya ngapi, ana hali gani, na ningelazimika kusimama. Wale wawili walikuwa bado wanaonekana kwa mbele. Nikapokea chupa, nikasema ahsante.

Nikawapita kwenye mbio za miguu. Nikawa wa tatu. Laoshi alinivisha bendera ya chuo mabegani, akanipiga picha nyingi, nami nikacheka katika kila moja. Baada ya picha ndipo nikauliza mwenzangu yuko wapi.

Mchungaji mmoja wa kondoo, mwenye pikipiki, ndiye aliyemkuta. Alipeleka habari kwenye kituo cha maji, na yule mama akaita gari. Hospitali walisema mapafu yameingia maji kwa sababu ya mwinuko, na kwamba angechelewa kidogo zaidi wasingekuwa na la kufanya. Alilazwa siku tano. Laoshi aliniambia nirudi na kikosi, nami nikarudi.

Aliporudi Guangzhou nilimpelekea pilau bwenini. Alikuwa amekonda, shati linaning'inia. Alinikaribisha kiti.

"Ulipita pale kwa maji?" akauliza.

"Nilipita."

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia."

Alilisogeza bakuli la pilau kando.

"Yule mama alinishika mkono ndani ya gari mpaka hospitali," akasema. "Alikuwa analia. Alisema laiti angejua mapema. Hakuna mtu alimwambia."

Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Alifunika bakuli, akanirudishia mikononi, akaniomba nimwache alale. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Tangu hapo akawa anaogelea saa nyingine. Maktaba akinikuta alinisalimu kwa adabu, kama unavyomsalimu mgeni wa watu. Laoshi aliitundika picha yangu kwenye ukumbi wa mazoezi, na mwaka uliofuata akataka nirudi jangwani. Nilimwambia mgongo umeanza tena.

Nilimwandikia mwenzangu ujumbe mrefu. Niliandika kila kitu: redio mkononi mwa yule mama, wanawake wawili mbele, uongo niliomwambia siku ya pilau. Sikuomba anisamehe, au labda niliomba, kwa kuzungukazunguka. Wiki tatu baadaye akajibu neno moja.

"Nimesoma."

Mwezi uliofuata alitetea tasnifu yake akarudi Kenya. Wanafunzi wenzetu walikwenda kumsindikiza uwanja wa ndege, kundi zima. Mimi sikuambiwa ndege inaondoka saa ngapi, wala sikuuliza.