Risasi Niliyoipeleka Ukweni

Nichekeni tu. Asubuhi ya posa yangu, mwewe alitua kwenye uzio wetu hapa Mbuba, hatua sitini hivi, juu tu ya kibuyu cha pombe ya ndizi tulichokiandaa na kukiegemeza hapo chini. Nikachukua bunduki ya upepo. Kwa umbali ule risasi hushuka, na mimi, bingwa wa kujisifu, sikuinua mtutu hata kidogo. Mwewe akaenda zake.

"Umempata?" baba mdogo akauliza kutoka ndani.

"Kaangukia migombani!"

Nilipousogelea uzio ndipo nikaona tundu kwenye majani yaliyoziba mdomo wa kibuyu. Kwa desturi yetu kibuyu cha posa hufunguliwa ukweni tu. Nikakibeba hivyo hivyo.

Kule ukweni, Nyakisasa, nilikaa mkekani nikikitazama kibuyu.

"Mzee, kijana wetu akilenga hakosi," baba mdogo akanisifu. "Leo hii kaangusha mwewe!"

Baba mkwe akafungua kibuyu, akajimiminia kwenye kikombe cha bati. Ti! Akaingiza vidole, akatoa risasi iliyobonyea, akanitazama.

"Mwanangu," akasema polepole, "na mwewe naye yumo humu?"