Somo la Arobaini la Eldora

Pale Chuo cha Carrow, mtu akitaka kujua kama mwanafunzi fulani yu mzima, haendi kwa msajili wala hapigi simu zahanati. Anamuuliza Eldora Babineau, mama wa mlangoni bwaloni. Chuo chenyewe kina wanafunzi hawafiki elfu mbili, na wengi wao hupita mbele yake mara tatu kwa siku. Kila mmoja huinua kadi yake, na Eldora haitazami. Anatazama uso.

"Colby Wry, pita, mwanangu, ule."

"Asante, mama."

"Niamh Sears, umenyoa! Haya, pita, mwanangu, ule."

"Asante, mama."

Miaka thelathini na moja, na hajamwita mwanafunzi "wewe" hata siku moja. Watu wa vyuo vikubwa vya Toronto na Montreal wakisikia habari hiyo hucheka. Wacheke tu. Huko kwao mwanafunzi anaweza kulala wiki nzima na homa, asijulikane ila na mto wake. Carrow, ukikosa milo mitatu mfululizo, Eldora anakuandika kwenye kijidaftari chake, kisha anapiga simu bwenini: "Hebu mgongeeni mlango yule mtoto."

Ndivyo alivyopatikana Kaylin Augustine, binti wa Kimi'kmaq, wenyeji wa asili wa nchi ile, kutoka Elsipogtog. Ilikuwa Novemba ya mwaka wake wa kwanza, ule mwezi ambao saa kumi na moja jioni kumeshakuwa giza na upepo wa mbugani unapita hata kwenye tundu la ufunguo. Kaylin alikuwa amejifungia chumbani, begi limefungwa, anarudi kwao. Eldora alipanda ngazi mwenyewe na bakuli la supu ya samaki. Hakumhubiria.

"Kula kwanza," alimwambia. "Basi la kwenu haliondoki mpaka kesho."

Kaylin alikula. Kesho yake basi liliondoka bila yeye.

Sasa, jambo ambalo wageni hawakulijua ni kwamba mama huyu wa mlangoni naye alikuwa mwanafunzi. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaenda kupakia kambakoche kiwandani Cap-Pelé, meza moja na mama yake. Huko ndiko alikotoka alipokuja bwaloni. Halafu, miaka ishirini na moja iliyopita, mwalimu mmoja wa historia alimkuta ameegemea meza anasoma kitabu kilichosahauliwa na mwanafunzi. Badala ya kumwomba kitabu, alimuuliza anakionaje. Eldora alikuwa na mengi ya kusema, na si yote yalikuwa ya heshima kwa mwandishi. Muhula uliofuata alikuwa darasani.

Chuo humruhusu mfanyakazi somo moja kila muhula bila ada. Shahada inataka masomo arobaini. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, ila kibaba hiki kilikuwa pipa. Alisoma asubuhi kabla ya zamu, alisoma Jumapili jioni kwenye meza ya jikoni, huku mumewe Emery, dereva wa gari la kusukuma theluji la mji, akimchokoza.

"Dora, kwa mwendo huu shahada utaivaa na sanda."

"Basi waambie waikunje vizuri isiingie makunyanzi. Na wewe toa hivyo viatu kwenye zulia."

Alifaulu masomo thelathini na tisa. Likabaki moja, takwimu, ambalo kila anayesomea elimu ya jamii sharti alipite. Hilo lilimwangusha mara mbili. Mara ya kwanza alipata arobaini na saba. Mara ya pili arobaini na tisa, na alama ya kufaulu ni hamsini. Sheria ya chuo haina huruma: ukianguka somo moja mara tatu, hulirudii tena. Tena mwisho wa Mei alikuwa anastaafu, magoti yamekataa. Kwa hiyo muhula uliofuata ulikuwa wa mwisho. Afaulu, au miaka ishirini na moja ibaki hadithi ya jikoni.

Mwalimu wa takwimu ni Dakta Wendell Oulton, mrefu, mkavu, aliyenyooka kama rula yake. Hula bwaloni kila Jumatano, siku ya samaki wa kukaanga, na kwa miaka ishirini na miwili hajagusa kitamutamu hata kimoja. Eldora anajua, yeye ndiye huwaona wakitoka na nini. Ile arobaini na tisa ilipotoka, mji mzima ulimkasirikia. Alama moja! Si angeokota tu? Kwa majuma mawili theluji yote ya mtaa wake ikawa inaishia mbele ya banda la gari lake, kichuguu kimoja kikubwa kigumu, wala hakuna aliyejua kwa nini. Eldora alijua. Alimpa Emery koleo, akampeleka mpaka pale, akasimama barabarani mikono kiunoni mpaka kichuguu kikaisha.

"Nilikuwa nakutetea," Emery alilalamika.

"Mimi si mtoto wa kutetewa kwa theluji. Chimba."

Oulton alitoka na kikombe cha chai mkononi, akawatazama. "Bi Babineau," alisema, "ile alama moja niliitafuta sana kwenye karatasi yako."

"Uliiona?"

"Sikuiona."

"Basi haikuwapo. Ukinipa ya bure, nitaijua mimi, na cheti nitakitundika wapi nisikione?"

Watu walisema ni kiburi. Mimi nasema kama ni kiburi, basi ni kile kinachofaa mtu awe nacho.

Majira yale ya baridi Kaylin alikuwa mwaka wa nne, anasomea hisabati, na hapo Carrow wanafunzi wa juu ndio hufundisha wenzao wanaokwama. Alipoona jina la Eldora kwenye orodha ya waliokwama, aliomba apewe yeye. Wakawa wanakutana baada ya kifungua kinywa, bwalo limekuwa tupu, vijiko vinalia jikoni.

"Hapa pananishinda," Eldora alisema, kidole juu ya kitabu. "Wastani naujua. Lakini hiki kipimo cha namba kutawanyika, kinaingia hapa kinatokea pale."

Kaylin alifunga kitabu. "Mama Dora, Jumatano ya samaki wanakuja wangapi?"

"Mia sita. Zidisha kumi, punguza kumi."

"Kila Jumatano?"

"Hata nje kuwe na tufani."

"Na Jumapili asubuhi?"

"Ah, Jumapili! Siku nyingine mia moja, siku nyingine mia nne. Inategemea usiku wake wamekunywa nini."

"Kwa hiyo mpishi akikuuliza aandae mayai mangapi?"

"Namwambia Jumatano naapa, Jumapili nabahatisha."

"Basi ndiyo hiyo. Jumatano zimejikusanya, Jumapili zimetawanyika. Huko kubahatisha kwako kuna kipimo, na kipimo chenyewe ndicho kinachokutoa jasho."

Eldora akatazama meza tupu moja baada ya nyingine. Kisha akapiga kofi mezani.

"Miaka miwili yule mtu ananieleza kitu ninachokifanya tangu hajaota ndevu!"

Mtihani ulikuwa Aprili, katika ukumbi wa mazoezi, vimeza vimepangwa chini ya vyuma vya mpira wa kikapu. Eldora alifika mapema, akachagua kiti karibu na mlango kwa ajili ya magoti. Aliogopa, si uongo. Alichonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka tayari. Mbele yake akaweka kadi yake ya mwanafunzi, kama sheria inavyotaka.

Mlango ukafunguliwa. Wa kwanza kuingia alikuwa Colby Wry, macho hayajafunguka vizuri, nywele zimelala upande mmoja. Akamwona Eldora kakaa mlangoni, na bila kuwaza akainua kadi yake, akasimama kungoja. Nyuma yake akasimama wa pili naye kadi juu, na wa tatu. Kufumba na kufumbua foleni ilikuwa imefika ngazini. Usiniulize chuo kingine ambako jambo hilo lingetokea.

Eldora angefanya nini? "Colby Wry," alisema, "pita, mwanangu, u..." Akajishika. "Ufaulu."

"Asante, mama," Colby alijibu, akapiga hatua tatu, ndipo akazinduka. "Ah! Nilidhani nimekuja kunywa chai!"

Ukumbi mzima ulicheka. Dakta Oulton akainua kichwa kule mbele. "Kuna nini hapo?"

"Wanaingia, Dakta. Naona wanataka kuitwa."

"Basi waite upesi. Zimebaki dakika nne."

Akawaita, mmoja mmoja, wote hamsini na watatu. Alipomaliza aliichukua penseli yake, wala hakuichonga tena.

Oulton akaanza kupita kukagua kadi. Alipofika kwa Eldora hakusimama. "Wewe nakujua," alisema.

"Dakta," Eldora alimwita.

Akarudi.

"Mimi nawajua wote hawa na siwatazami kadi, kwa sababu kula hakuna sheria. Huu ni mtihani. Tazama kadi yangu."

Alisema bila ukali, lakini alisema. Oulton akaichukua, akaisoma kwa sauti, polepole. "Babineau, Eldora Marie. Mwanafunzi." Akairudisha mahali pake, akainyoosha iwe sawa na ukingo wa meza. "Anza, Bi Babineau."

Alitumia saa tatu zote, hakubakiza hata dakika.

Jumatano iliyofuata Oulton alifika bwaloni kama kawaida. Eldora alikuwa hajala vizuri kwa siku tano. Matokeo hutoka kwa msajili tu. Mwalimu akiyatoa kinywani amevunja sheria, na huyu si wa kuvunja sheria. Kwa hiyo hakumuuliza.

"Dakta Oulton, pita, ule."

Hakupita. Alisimama pale, akakohoa. "Siruhusiwi kukuambia lolote."

"Najua. Wala sijauliza."

"Vyema." Akakohoa tena. "Lile pai tamu la buluberi, lipo leo?"

"Pai?"

"Naona nitakula pai. Vipande viwili."

Foleni ililalamika nyuma, hakuna aliyeisikiliza. Eldora alifunika uso kwa aproni na kulia kwa furaha mbele ya samaki, viazi na umati wa watu wenye njaa, wala hakuona haya. Karatasi ya msajili ilipofika Ijumaa iliandikwa sitini na moja. Emery aliibeba kwenye gari la theluji mwezi mzima, akimwonyesha kila aliyemsimamisha, na theluji yenyewe ilikuwa imekwisha.

Mahafali yalikuwa Mei. Majina huitwa kwa herufi, kwa hiyo Kaylin Augustine alitangulia na Eldora Babineau akafuata, joho jeusi limefunika mpaka viatu vya kazini, maana ndivyo pekee magoti yaliyovikubali. Alipokea cheti chake, akashuka jukwaani kwa upande wa ngazi chache. Ukumbi ulisimama. Emery alipiga mluzi wa vidole viwili mpaka mke wa mkuu wa chuo akaziba masikio.

Baada ya hapo wahitimu hula pamoja bwaloni, kambakoche, ndiyo desturi. Foleni ikaenda kwa herufi zilezile. Eldora alikuwa amepita mlango ule mara elfu na elfu, lakini hajawahi kuupita kama mlaji. Wafanyakazi hula nyuma, karibu na masinki. Leo mlangoni alikaa Brandi, msichana ambaye Eldora mwenyewe alimfundisha kazi, siku yake ya kwanza peke yake. Mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi: usitazame kadi, tazama uso.

"Kaylin Augustine, pita, mwanangu, ule."

"Asante, mama," Kaylin akamjibu Brandi, mdogo wake kwa mwaka, akacheka.

Eldora alitoa kadi ndani ya joho, akaiinua. Brandi hakuitazama. Alimtazama usoni, akasema kama alivyofundishwa, bila kuongeza neno wala kupunguza.

"Eldora Babineau. Pita, mwanangu, ule."

Maneno hayo alikuwa ameyasema miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumwambia yeye. Akajibu kama wanavyojibu watoto wote wa Carrow.

"Asante, mama."

Akapita, akala.